Kabla ya Kung'arisha Chombo cha Kale cha Shaba



Zipo kaya za Gongo la Mboto, Ulongoni na Pugu ambazo zimehamia na mali zao za urithi kutoka Bagamoyo, Kilwa, Tanga au Unguja: dele la kahawa, sinia, kinara, kinu kidogo cha kutwangia viungo, au sanduku la mbao lililopigiliwa misumari ya shaba. Vyombo hivi hukaa miaka mingi kabatini au uvunguni, vikafifia na kuwa vyeusi. Kisha harusi inakaribia, au mnunuzi anabisha hodi, na mwenye nyumba anaamua kuving'arisha.

Kazi hiyo huchukua nusu saa tu, lakini athari yake ni ya kudumu. Uchafu ulioachwa leo unaweza kuondolewa kesho, ila utando wa ukale ukishaondolewa hakuna fundi awezaye kuurudisha. Makala haya yanaeleza namna ya kuupambanua utando huo na uchafu, namna salama ya kusafisha, na mambo ya kuzingatia kabla ya kuuza au kununua.

Weusi wote si uchafu

Katika mazungumzo ya kila siku vyombo hivi vyote huitwa vya shaba. Kwa hakika vingi ni vya brasi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Vingine ni vya bronzi, mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati. Madini haya yakikutana na hewa na unyevu kwa miaka mingi hujifunika utando mwembamba wa rangi ya kahawia, nyeusi au kijani kibichi. Utando ukishatulia hupunguza kasi ya kulika kwa madini yaliyo chini yake. Kwa maneno mengine, ni ngozi ya chombo.

Anayefika katikati ya jiji huuona mfano wake katika Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Sanamu hiyo ya bronzi imesimama pale tangu mwaka 1927, ikipigwa na mvua na hewa ya bahari, nayo haing'ai kama sufuria jipya. Rangi yake iliyokolea ni sehemu ya sura yake na ya umri wake. Kwa chombo cha nyumbani hali ni hiyo hiyo: wajuzi wa vitu vya kale huutazama utando kama ushahidi wa umri, na chombo kilichosuguliwa hadi kung'aa mara nyingi hupungua thamani machoni pao.

Kabla ya kugusa chombo, tunakushauri utambue ni lipi kati ya mambo matatu lililo mbele yako:

1. *Uchafu*: vumbi, masizi na mafuta ya jikoni. Huu hukaa juu juu na hutoka kwa kitambaa chenye unyevu.
2. *Utando wa ukale*: ni laini ukiupapasa, umeshikana na madini na hautoki kwa kupangusa. Huu uache.
3. *Kutu inayokula*: madoa ya unga wa kijani kilichopauka, ambayo hupangusika kwa urahisi na kurudi baada ya siku chache. Hii ni dalili ya maradhi ya chombo na inahitaji hatua za haraka.

Limau na chumvi

Dawa ya nyumbani inayojulikana zaidi ni limau na chumvi. Wengine hutumia ukwaju au siki. Ni kweli kwamba chombo hung'aa papo hapo. Hata hivyo, asidi haichagui: huyeyusha uchafu pamoja na utando wa ukale. Ikiachwa muda mrefu juu ya brasi huondoa zinki na kuacha mabaka mekundu. Chumvi nayo ina kloridi, ambayo hubaki ndani ya nakshi na vitundu vidogo. Ikipata unyevu, kloridi hiyo ndiyo huzalisha ule unga wa kijani tuliouita kutu inayokula. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, yenye unyevu mwingi karibu mwaka mzima, mwenye chombo hujikuta amekingarisha kwa wiki chache na kukiachia ugonjwa wa miaka.

Vilevile tunatahadharisha dhidi ya yafuatayo:

- Maji ya betri na asidi nyingine kali. Huharibu chombo, huunguza ngozi na macho, na mvuke wake ni hatari kwa mapafu.
- Msasa, mchanga, majivu na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Hivi hukwaruza na kufuta maandishi na nakshi. Aidha, brasi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake halifai kuvutwa wala kuachwa mahali wanapocheza watoto.
- Dawa zenye amonia. Zinaweza kusababisha nyufa katika brasi iliyofuliwa kwa nyundo.
- Dawa za kung'arishia za dukani, iwapo chombo ni cha kale. Nyingi zina chembe za kusugulia, na kila zinapotumika huondoa tabaka la madini.

Hatusemi kwamba kila shaba iachwe ifubae. Sinia jipya, kitasa cha mlango au dele lililonunuliwa mwaka jana vinaweza kung'arishwa bila hasara, kwani vilitengenezwa ving'ae na havijabeba umri. Tahadhari yetu inahusu vyombo vya kale, na vile ambavyo umri wake haujathibitishwa.

Namna salama ya kusafisha

Ondoa vumbi kwa brashi laini au kitambaa cha pamba. Uchafu wa mafuta ukibaki, tumia maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji. Suuza kwa maji safi, kisha kausha mara moja hadi ndani ya nakshi. Kwa sanduku la misumari ya shaba usimwage maji kabisa, kwa sababu mbao itavimba. Pangusa kila msumari kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri.

Chombo kikishakauka kabisa, kinaweza kupakwa nta nyembamba ya fanicha, isiyo na rangi wala chembe za kusugulia, kisha kipigwe kitambaa kikavu. Nta hukinga unyevu na alama za vidole, maana jasho la mikono nalo lina chumvi. Hifadhi chombo mahali pakavu, mbali na jiko na chumvi, kikiwa kimefungwa kwa kitambaa cha pamba. Vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa kuwekwa pamoja nacho, hasa wakati wa masika. Viwe mbali na watoto.

Ukiona kutu inayokula, usisugue. Kiweke chombo mahali pakavu zaidi ulipo napo, na utafute ushauri wa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.

Vyombo vinavyotumika kwa chakula

Hapa utando hauna heshima yake ya kawaida. Dele na masufuria ya shaba hupakwa bati kwa ndani ili shaba isichanganyike na chakula. Ukiona rangi nyekundu au ya manjano imejitokeza ndani, au kuna ukijani, acha kukitumia. Vitu vichachu kama limau, ukwaju na nyanya huyeyusha shaba kwa haraka, na shaba nyingi mwilini husababisha kichefuchefu na kutapika. Ama kipakwe bati upya na fundi, na hakikisha bati hilo halina risasi, ama kibaki kuwa pambo.

Unapouza au kununua

Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo, na mizani haijui urithi. Tahadhari na anayekwambia kwamba chombo ni cheusi hivyo hakina thamani isipokuwa uzito wake. Kabla ya kukubali, piga picha za chombo, zikiwamo za chini na za ndani, na uombe maoni ya mtu wa pili asiyetaka kukinunua. Ukiamua kuuza kwa uzito, hakikisha mizani imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Kwa upande wa mnunuzi, ukale wa kutengenezwa upo. Chukua sumaku: brasi na bronzi hazivutwi, na chombo kikishikwa na sumaku kina chuma ndani yake. Tazama mpini na kingo: chombo kilichoshikwa kwa vizazi huwa kimelainika mahali mikono ilipopita. Weusi ulio sawasawa kila mahali, au unaotoka kwenye kitambaa chenye maji, unatia shaka. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kutumika katika miaka ya 1930. Zikionekana kwenye sanduku linalosemwa kuwa la karne ya 19, ama limekarabatiwa ama maelezo si ya kweli. Dai risiti inayotaja kitu, umri uliodaiwa na bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na risiti ndiyo itakayobeba hoja yako utakapowasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.

Kumbuka pia kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Vitu hivyo havisafirishwi nje ya nchi bila kibali. Mgeni akitaka kuondoka na chombo cha familia yako, muulizeni kwanza Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake katika jambo hili.

Ukiwa na shaka kuhusu chombo chochote, kifute vumbi, kipige picha na ukiweke mahali pakavu hadi upate ushauri. Kusubiri hakutakigharimu chombo chako kitu.