Je, Wajua? Doa Halionyeshi Tundu Lilipo

Je, wajua kwamba karavani nyingi za Uingereza za miaka ya 1970 na 1980, zile nyumba ndogo zinazokokotwa na gari, zina fremu ya mbao ndani ya ganda la alumini? Nje waweza kuona bati zima linalong'aa, kumbe ndani mbao zimeanza kuoza.

Maji mara chache hupenya katikati ya bati. Huingia kwenye maungio, hasa pale reli ya alumini inapofunika ukingo wa paa na ukuta. Chini ya reli hiyo kuna gundi laini ya kuzibia, ambayo miaka ikipita hukauka na kupasuka. Tone likishapenya kwenye tundu la skrubu hufuata mbao hadi mbali. Doa la kona ya nyuma huenda limeanzia kwenye dirisha la paa. Bonyeza plaiwudi ya ukuta wa ndani kwa kidole gumba. Ikibonyea kama sifongo, imekwisha.

Fundi hodari hufungua reli nzima, hukwangua gundi kuukuu yote, hulaza ukanda mpya wa butili (mpira laini unaonata), kisha hurudisha reli kwa skrubu zisizoshika kutu. Kupaka silikoni juu juu ni kosa kubwa: mwanya hubaki palepale, na baadaye gundi nyingine haishiki vizuri juu ya silikoni hiyo. Wala ukuta uliofunguliwa usifungwe mapema. Mbao zenye unyevu unaozidi asilimia 20 huota kuvu, kwa hiyo ziachwe wazi zikauke kabisa, hata ikichukua wiki kadhaa.