Kuwafundisha Watoto Kutazama Ndege wa Pwani

Katika kufundisha habari za viumbe, aghalabu sisi walimu huanza na jina, kisha picha. Kiumbe mwenyewe huja mwisho au haji kabisa. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia iliyo kinyume, kwa mfano wa ndege wa fukwe za tope na mchanga za Kisiwa cha Mafia.

Kwanza, tuchague saa. Bahari hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, hivyo saa iliyofaa leo haitafaa kesho kutwa. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali. Yakianza kujaa, husogea karibu na ufuko. Huo ndio wakati wa somo. Mwalimu awaulize wavuvi mapema, wala asiwapeleke watoto kwenye fungu liwezalo kuzingirwa na maji.

Pili, tuulize habari za midomo kabla ya majina. Mtoto amtazame sululu, ambaye mdomo wake umepinda kama chombo cha kuchimbia chenye jina hilo hilo. Je, anachokoa wapi? Anatoa nini? Kisha amlinganishe na ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, ambaye mdomo wake mnene humfaa kukamatia kaa. Akigundua mwenyewe kwamba mdomo hueleza chakula, jina litapata mahali pa kukaa.

Tatu, tueleze safari. Mla kaa huyo huzaliana katika pwani na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Sham. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai jeupe. Sululu wengi huzaliwa kaskazini ya mbali, hata Siberia. Kabla ya kurudi huko mnamo Machi na Aprili, hawana budi kula sana ili wajiwekee mafuta mwilini.

Hapa ndipo lilipo jambo zito. Maji yakijaa, ndege hukusanyika mahali pakavu kupumzika. Jiwe moja la mtoto huweza kurusha kundi zima, na nguvu inayopotea ni ile ya safari. Basi tumpime mwanafunzi kwa daftari lake, lenye tarehe, saa, hali ya maji na idadi. Lakini zaidi tumpime kwa ndege waliobaki wametulia alipoondoka.