Kwa Baiskeli Chini ya Mlima Kenya, na Habari za Mbwaa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi na akaitilia milima iwe vigingi vyake. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba tuliwaahidi habari za safari ya Meru, tuliyoifanya wakati wa likizo pamoja na familia saba za chuo chetu. Wengi walidhani tumealikwa arusi au maulidi. La, tulikwenda kupanda baiskeli, na hatuoni haya kulisema, ijapokuwa umri wetu umeshavuka hamsini na magoti yalitulalamikia siku tatu.

Kutoka Nairobi tulishika njia ya Embu. Barabara hiyo huzunguka upande wa mashariki wa Mlima Kenya na kukata mabonde yanayoteremsha maji ya mlima kwenda Mto Tana, ule ule unaomwaga maji yake baharini kwetu huku. Ukiiacha Rupingazi ya Embu utaivuka Thuci, na mbele yake Nithi. Hapo Nithi tulimwomba dereva asimame mahali pa usalama. Mwezi wa Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia katika bonde lile, wakafariki watu zaidi ya 30. Tulisoma Fatiha. Kina mama walilia, na watoto waliokuwa wakiimba tangu Embu walinyamaza mpaka Nkubu.

Baiskeli za milimani si zile tulizozoea kuchukulia mikate. Zina magurudumu mapana yenye meno, breki kali, na gia nyingi za kumsaidia mpandaji kwenye miinuko. Nchi ile inajulikana kwa mchezo huu. Kuna mashindano yaitwayo 10to4, kwa sababu mpandaji huanza mlimani kwenye kimo cha futi 10,000 na kuteremka hadi futi 4,000, na fedha zinazopatikana husaidia kazi ya Mount Kenya Trust ya kuulinda msitu. Sisi hatukuthubutu hayo. Tulichagua njia za msitu wa Ngare Ndare, karibu na Timau, tukapewa waongozaji na askari wa msitu mwenye bunduki, kwa kuwa humo mna tembo na nyati.

Msitu huo ni wa mierezi na mizeituni ya mwitu, miti mingine mikubwa hata watu wawili hawawezi kuikumbatia. Ndani yake mnapita vijito vinavyoanguka katika mabwawa ya maji ya buluu. Tembo hushuka kutoka mlimani kuja humo kwa ushoroba wao maalumu, na mwaka 2011 walifunguliwa njia ya chini kwa chini, wapite wao chini na malori yapite juu kwenye barabara ya Nanyuki na Meru. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza msitu huu, pamoja na hifadhi ya Lewa, katika eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya. Mtoto mmoja alituuliza kama tembo walifundishwa kupita pale. Mwongozaji akamjibu kwamba dume mmoja akishapita salama, wengine hufuata. Tukaona jawabu hilo linafaa hata kwa wanadamu, maana asubuhi ile hakuna mama aliyekubali kupanda baiskeli mpaka mmoja wao, wa miaka arubaini na ushei, alipofunga mtandio wake vizuri, akavaa kofia ngumu juu yake, na kuondoka.

Hapa inatupasa kukiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita tulisimama mbele ya watu tukakemea wasichana kupanda baiskeli. Hatukuwa na dalili ya sharia; tulikuwa na mazoea tu, tukayavisha kilemba cha dini. Mama huyo alikuwa msichana wakati huo, au karibu kuwa mama, na alituambia kwa adabu, "Maalim, baba yangu aliiuza baiskeli yangu wiki ile ile." Hatukuwa na la kumjibu. Tuliosoma vitabu tunajua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha, mara moja akashindwa na mara nyingine akashinda. Wajibu ni stara, na stara ilipatikana: suruali pana, kanzu inayofika magotini, na pindo lisilofika kwenye mnyororo. Buibui refu liachwe nyumbani siku hiyo, si kwa sababu ya dini bali kwa sababu ya cheni. Tulimwomba radhi mama yule mbele ya wenzake, naye akatusamehe, kisha akatupita kwenye mteremko bila kutazama nyuma.

Adhuhuri na alasiri tulizikusanya na kuzifupisha kandoni mwa kijito. Maji ya udhu yalikuwa baridi hata mikono ikafa ganzi. Askari alisimama akiuelekea msitu mpaka tulipotoa salamu.

Siku ya tatu tuliingia msitu wa Imenti, juu ya mji wa Meru, hadi Ziwa Nkunga, ambalo Wameru wanaliheshimu tangu zamani. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mstaafu wa ualimu, Mkristo, mpole sana wa maneno. Vijana wetu walimuuliza yako wapi magofu ya Meru, kwa kuwa wao wamezoea Gedi na Jumba la Mtwana. Mzee akacheka. "Magofu yetu," akasema, "yako kwenu."

Akatusimulia habari za Mbwaa. Mapokeo ya Wameru husema kwamba wazee wao walikaa katika kisiwa kilichoitwa Mbwaa, na huko wakatawaliwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, waliowatia utumwani. Watawala hao waliwataka yasiyowezekana: mkuki unaogusa mawingu, na kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Kiatu walikipata kwa ngozi ya ng'ombe ininginiayo chini ya shingo. Mwisho Koomenjwe akawaongoza usiku, maji yakagawanyika, wakavuka. Waliovuka gizani wakawa ukoo mweusi, na waliovuka baada yao wakawa ukoo mweupe na ukoo mwekundu. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya simulizi za wazee hao, aliiona Mbwaa kuwa huko huko Manda, mkabala wa Lamu.

Kijana mmoja akauliza, "Nguo Ntune ni nani?" Kukawa kimya. Mzee akatazama chini. Wapo wanaosema ni Waarabu, wapo wanaosema ni Wareno, na wengine wanasema vingine. Lingekuwa jambo jepesi kwetu kuwachagua Wareno. Tulichowaambia vijana ni kwamba utumwa ulikuwapo katika pwani yetu, wenye kuutenda walikuwamo watu walioswali kama sisi, na dhuluma haiwi halali kwa sababu mtendaji wake ana udhu. Mzee hakusema neno, ila alituongezea chai.

Usiku tuliwaeleza wenyeji wetu habari za Manda. Mji wake ulijengwa tangu karne ya 9, na ukuta wa matumbawe ukauzuia na bahari. Takwa, iliyo katika kisiwa hicho hicho, ilistawi kuanzia karne ya 15 mpaka ya 17. Msikiti wake mkubwa ungali umesimama, na kaburi la mnara limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria. Watu wa Shela huenda huko kuomba mvua. Mzee alisikiliza sana, akauliza kama kutoka pale mtu aweza kuliona bara. Tukamwambia anaweza.

Tumemwalika yeye na mkewe, nao wamesema watakuja baada ya mavuno. Mashua itawachukua kutoka Lamu maji yakijaa, ipite katikati ya mikoko. Baiskeli tumemwambia aziache Meru, kwa kuwa Manda ni mchanga mtupu.