Manowari za Maji Machache na Mizinga ya Rufiji

Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika delta ya mto Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, kwa kuwa zilihitaji maji ya kina kirefu. Ndipo zilipoletwa Severn na Mersey, manowari za mtoni zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya Brazili.

Je, ziliwezaje kupita? Kanuni ya Archimedes yaeleza kwamba chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Chombo kipana, chenye sehemu ya chini iliyo bapa, hupata maji hayo kwa upana badala ya kina. Hivyo kila moja, ijapokuwa na uzito upatao tani 1,260, ilizama majini kasoro ya mita 2. Zikielekezwa shabaha na ndege, ziliiangamiza Königsberg tarehe 11 Julai 1915.

Hata hivyo, mizinga yake 10 iliopolewa. Mmoja ulisafirishwa kwa reli, kupitia Morogoro hadi Kigoma, ukafungwa katika meli Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba.

Tarehe 26 Agosti 1916 Morogoro ilitekwa, na Wajerumani wakarudi nyuma kwa kuizunguka milima ya Uluguru. Huko hapakuwa na mto wa kuelea wala reli. Mizigo ya vita iliwaelemea wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi.