Farasi Arobaini na Watano wa Mpwa Wangu

Mpwa wangu, mfanyabiashara wa tangawizi ya Mamba Miamba, alinijia juma lililopita na shauri ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu ambaye mali yake yote hushuka mlimani ndani ya magunia. Amejiwekea akiba kwa misimu mitatu, na sasa anataka kununua Toyota Celica. "Mjomba," aliniuliza, "nichukue ya kawaida au ile yenye nguvu?"

Msomaji asimcheke. Celica ni gari la milango miwili, la aina iitwayo kupe, jina ambalo kwa wafugaji wetu wa tambarare halina sifa njema. Lakini katika Afrika Mashariki gari hilo lina heshima yake. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na kati ya 1984 na 1995 Celica ilitwaa ushindi mara 8. Vijana wamerithi sifa hizo bila kuuliza zilikuwa za Celica ipi. Zile zilizoshinda zilikuwa na turbo, na tangu 1990 zilisukumwa na magurudumu yote manne. Anayoitaka mpwa wangu ni ya toleo la saba, lililotengenezwa tangu 1999 hadi 2006. Haina turbo, na huvutwa na magurudumu ya mbele tu, iwe ya kawaida au yenye nguvu.

Huko Japani ziliuzwa kwa majina ya SS-I na SS-II. Injini zote mbili ni za lita 1.8, hivyo mbele ya ushuru wa bidhaa zimo daraja moja, na kwa umri wao hakuna itakayoikwepa kodi ya uchakavu. SS-I ina nguvu za farasi 145, SS-II ina 190. Farasi 45 si haba. Lakini farasi hao wamefungiwa zizi la juu mno: huamka injini ipitapo mizunguko 6,000 kwa dakika, ambapo valvu hubadilishiwa kamu na kufunguka zaidi. Chini ya hapo magari haya hukaribiana sana. Tena SS-I hufikia kilele cha nguvu yake ya kuvuta kwenye mizunguko 4,200, na SS-II mpaka 6,800.

Sasa tuzitazame barabara zetu. Atokaye Same kupandia Mwembe kuelekea milimani hupanda kwa gia ya kwanza na ya pili, kona baada ya kona, na mvua zikinyesha hushukuru kama gari halikuteleza. Injini ya kumfaa ni ile inayovuta mapema. Barabara kuu nayo, tangu Hedaru na Makanya hadi Mwanga, hukatiza makazi ya watu, ambamo sheria hairuhusu kupita kilomita 50 kwa saa.

Mpwa wangu alinijibu kwa hoja nisiyoweza kuipuuza. "Ukilipita lori refu, mjomba, nguvu ndiyo usalama." Ni kweli kwa kiasi. Lakini ili wale 45 waje, hana budi ashushe gia na kuikamua injini. Na katika gia ya tatu, wanapoamka tu, mshale wa mwendo umekwisha kukaribia 100. Aliyezoea raha hiyo hatalipita lori moja akatosheka. Nimekwisha kuzika jamaa zangu kwa ajili ya barabara ile, naye alikuwapo makaburini.

Halafu kuna gereji. Injini ya SS-I ni ileile ya Opa na Wish za lita 1.8, ambayo mafundi wetu wengi wamekwisha kuifungua. Ya SS-II ni adimu, na kwao Japani hunyweshwa petroli ya oktani ya juu. Pampu za miji midogo kwa kawaida hazina la kuchagua. Baadhi ya SS-II zina pia viungo vya mbele viitwavyo Super Strut, vizuri kwenye lami laini, ghali vikigongwa na mawe.

Hata hivyo SS-I haina utakatifu. Nyingi za kabla ya 2002 hula oili, kwa kuwa ringi za pistoni huziba. SS-II za mwanzo nazo zina boliti za kamu zinazolika. Zikilika, wale 45 hufa kimyakimya na mwenye gari akaendelea kujisifu nao.

Nimemshauri achukue SS-I ya miaka ya mwisho. Aende na fundi, liwashwe asubuhi likiwa baridi, watazame moshi na kijiti cha oili kabla ya kutoa shilingi. Amekubali, ingawa kwa uso wa mtu aliyenyimwa kitoweo. Jana aliniuliza kama SS-I yaweza kufungwa ekzosi yenye mngurumo.