Mwani katika Bustani za Mlimani

Kihamba cha Mchaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambamo migomba, kahawa na mboga hukua pamoja, hurutubishwa tangu zamani kwa samadi ya ng'ombe na mbuzi wanaolishwa zizini, na wazo la kuuongezea udongo huo viumbe wa bahari lingeonekana geni mno lau pwani ya Tanzania isingekuwa na mwani kwa wingi. Kilimo chake kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, miaka kadhaa baada ya Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuutafiti. Zao lenyewe huuzwa nje kwa ajili ya karajinani, yaani ute unaotumika kugandisha vyakula, kwa hiyo kinachoweza kumfaa mkulima wa mboga wa Moshi ni mwani uliokataliwa na wanunuzi au uliotupwa ufukweni na mawimbi.

Mwani una potasiamu nyingi, madini ambayo nyanya huyahitaji sana wakati wa kuzaa, ila fosforasi yake ni haba. Upungufu huo una uzito Kilimanjaro, kwa kuwa udongo uliotokana na majivu ya volkano huing'ang'ania fosforasi hata mizizi ikashindwa kuipata kwa urahisi. Hapo mabaki ya samaki yana faida zaidi, maana miiba imejengwa kwa kalsiamu na fosforasi, ingawa anayeyafukia juujuu atakuwa amewaandalia mbwa karamu.

Kikwazo kikubwa ni chumvi. Mwani hauna budi kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kuchanganywa na samadi na majani makavu hadi uoze na kuwa mboji. Huko Marangu na Kibosho mvua nyingi za masika husaidia kuiondoa chumvi inayosalia, lakini tambarare za Kahe, ambako baadhi ya mashamba tayari yana chumvi na magadi, ni heri ziachwe kabisa.

Wakulima wa Jersey na wa pwani ya magharibi ya Ayalandi walitumia mwani kwa karne nyingi kwa sababu mashamba yao yalipakana na ufuko. Mwani mbichi kwa sehemu kubwa ni maji, hivyo unaostahili nauli ya kutoka Tanga hadi Moshi ni ule uliokaushwa, na kwa mwenye ng'ombe zizini hata huo utakuwa nyongeza tu juu ya samadi.