Msako wa Ijumaa, Kifafa cha Jumapili

Polisi wakivamia wauza pombe ya chang'aa Ijumaa jioni, wanywaji hulala seli hadi Jumatatu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila muda huo ukiishia wikendi, husubiri siku inayofuata ya mahakama. Kwa mchuma chai wa Kericho au Bomet anayekunywa kila siku, siku hizo mbili tatu ndizo za hatari zaidi.

Pombe hutuliza ubongo, sawa na vidonge vya dizepamu na fenobabitoni. Ubongo uliozoea kutulizwa hujichangamsha kupita kiasi ili kufidia. Pombe ikikatwa ghafla, uchangamfu huo hukosa wa kuuzuia.

Kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho, mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio na usingizi hupotea. Kifafa kikija, huja mara nyingi ndani ya saa 48. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wengine huweweseka: wanaona wadudu ukutani, hawajui waliko, joto la mwili linapanda. Asiyetibiwa anaweza kufa.

Hapo ndipo watu hukosea. Kericho imewahi kukumbwa na milipuko ya malaria ya nyanda za juu, kwa hivyo homa na kuweweseka huitwa malaria. Wengine husema mtu amerogwa. Malaria na sukari ya damu vipimwe, lakini mgonjwa au jamaa zake waulizwe pia: hunywa kiasi gani, na alikunywa lini mara ya mwisho? Afisa wa zamu naye anaweza kuuliza hayo anapoandika jina kwenye kitabu cha matukio (OB).

Hospitalini, dizepamu hutolewa kisha hupunguzwa kwa siku kadhaa. Thiamini, yaani vitamini B1, hutangulia dripu ya glukosi, kwani bila hiyo mnywaji asiyekula vizuri anaweza kudhurika ubongo. Aliyepata kifafa au kuchanganyikiwa apelekwe haraka hospitali ya Longisa, ya Tenwek au ya rufaa ya Kericho. Kumfungia chumbani "ajute" ni kumhatarisha.

Vidonge vya kutuliza navyo vina mtego wake. Dizepamu hukaa mwilini, hivyo aliyeimeza kwa miezi kisha akaiacha anaweza kuanza kuugua wiki moja baadaye, wakati hakuna anayeikumbuka. Madaktari huipunguza polepole, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4. Mgonjwa wa kifafa anayetumia fenobabitoni asiiache kwa sababu ameombewa au zahanati imeishiwa. Kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kukoma.

Anayetaka kuacha, hasa aliyewahi kupata kifafa, amwone daktari kabla ya kuacha. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192.